KABLA YA KUCHIMBA MSINGI

Mwezi huu twataka kusema na waliokwisha nunua kiwanja, na wanaokitafuta, juu ya mambo ambayo fundi hatawaambia. Fundi huulizwa mifuko ya saruji na bei ya mawe. Hayo ayajua, wala hatuna la kumzidishia.

La kwanza ni ardhi yenyewe. Hapa Mombasa wengi wana nyumba zisizo na ardhi: mtu hujenga katika kiwanja cha mwenziwe, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi, nyumba ikawa yake na mchanga ukawa wa mwenyewe. Hatusemi kwamba jambo hilo ni haramu. Wazee wetu wameishi hivyo na wakatulea. Lakini mwenye kujenga hivyo asitie mali yake yote katika kuta ambazo siku moja aweza kuambiwa aziondoe.

Kisha choo na kisima. Wataalamu wa afya wataka baina ya shimo la choo na kisima pasipungue mita 30. Na ardhi ya pwani yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji machafu hupita humo upesi. Basi uwezapo kuzidisha, zidisha, na ukitazame kisima cha jirani pia. Choo chenyewe kielekee mashariki au magharibi, kwani kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya choo kilichomo ndani ya jengo, lakini kukigeuza kabla ya kumimina sakafu hakugharimu hata senti.

Na sitara. Katika nyumba za kale za Lamu mgeni husimama dakani, akapita tekani, ndipo akafika kiwandani; mpita njia haoni kitu. Siku hizi twafungua mlango wa mbele ukatazamana na wa chumbani, kisha twaenda dukani kununua pazia.

Lakini lililotushikisha kalamu ni jingine. Mama mmoja, ambaye wanawe walisoma kwetu, alijenga pamoja na mumewe. Bangili zake za dhahabu ndizo zilizonunua mabati, na faida ya vitumbua vyake ndiyo iliyomlipa fundi. Mume alipofariki, watoto wa mke wa kwanza walikuja kutaka haki yao, nayo ilikuwa haki kweli. Kiwanja kilikuwa kwa jina la marehemu; hapakuwa na karatasi wala shahidi. Nyumba yote ikahesabiwa yake, na mama yule akapata thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Watu wakasema sheria ya mirathi imemdhulumu. Hasha! Sheria iligawa mali ya maiti; hakuna aliyeiambia kwamba ndani ya kuta zile mlikuwa na mali ya aliye hai.

Mkeo akikupa fedha ya kujengea, huenda ni zawadi. Basi ni yako, na ukifa itarithiwa. Huenda ni mkopo. Basi ni deni, na deni hulipwa kabla warithi hawajagawana. Au ni mshirika wako. Basi fungu lake hutolewa kwanza likabaki lake, kisha akarithi katika fungu lako thumuni, au robo ikiwa hukuacha mtoto. Ukuta hausemi ni lipi katika hayo matatu.

Wanaume wengi wakisikia haya hukasirika: "Kwani mke wangu haniamini?" Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaamuru madeni yaandikwe na yashuhudiwe, madogo kwa makubwa; na walioamriwa ni wenye kuamini, si wezi. Nanyi vijana mnaoleta fedha kutoka Saudia na Qatar ili baba au kaka awajengee, neno ni hilo hilo.

Karatasi moja yatosha: tarehe, kiwanja kilipo, nani ametoa kiasi gani, na kama ni zawadi, deni au ushirika, kisha sahihi zenu na za mashahidi wawili, na kila mmoja awe na nakala yake. Asiyejua kuiandika na aje chuoni baada ya sala ya Alasiri, tutamwandikia, wala hatutaki ujira.