Mgahawani au ofisi ya pamoja? Mama anayenyonyesha aulize friji kwanza

Likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha, si kila mama anarudi kwenye ofisi ya mwajiri. Wapo wanaofanya kazi kwa mtandao: kutafsiri, kutunza hesabu, kuhudumia wateja. Nyumbani, mtoto akisikia tu sauti ya mama hakai tena kwa dada, hivyo mama anabeba kompyuta na kutoka.

Wengi huchagua pa kwenda kwa bei. Mgahawani unanunua kahawa, unapata meza na intaneti. Ofisi ya pamoja hulipiwa kwa siku au mwezi. Kwa anayenyonyesha, hesabu hiyo haijakamilika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji. Mama akikaa saa nyingi bila kukamua, matiti hujaa na kuuma, yanaweza kuvimba hadi akapata homa, na polepole maziwa hupungua. Anatakiwa kukamua kila baada ya saa tatu hivi.

Mgahawani atakamulia wapi? Mara nyingi kinachobaki ni choo, mahali ambapo hakuna anayeandalia chakula cha mtu mzima, sembuse cha mtoto. Na kompyuta pale mezani amwachie nani?

Kisha kuna joto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne mahali pasipozidi nyuzi 25. Dar es Salaam mchana hupita 30, kwa hiyo yasiachwe mezani. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Kwenye kiboksi chenye barafu, hadi saa 24.

Kabla ya kulipia ofisi ya pamoja, uliza: Kuna chumba kinachofungwa kwa ndani? Vyumba vya kupigia simu vingi ni vya vioo. Kuna soketi, maji na sabuni? Friji ipo, na inafanya kazi umeme ukikatika? Lipia siku moja ujaribu, ndipo ufikirie mwezi.

Mgahawa unafaa kwa kazi ya saa mbili, karibu na nyumbani, ukiwa umenyonyesha kabla ya kutoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mtoto. Mama aliyeajiriwa lakini hafiki ofisini asione haya kuziomba. Anayejitegemea azipange kwenye ratiba yake na kuwaeleza wateja kuwa muda huo hapatikani.

Baba naye asibaki mtazamaji. Anaweza kupeleka maziwa nyumbani mchana, au kuchangia ada ya ofisi kama anavyochangia ya shule.