Vua jezi, tunarekodi

JICHO LA BONDENI
Na Mzee wa Bondeni

Jumanne Mzee wa Bondeni alikuwa Yaeda Chini, kajibanza kivulini akimsubiri fundi wa pikipiki. Gari la wageni likasimama, akashuka kijana mwenye maikrofoni yenye manyoya kama paka. Amekuja kurekodi muziki halisi wa Wahadzabe.

Mpiga zeze alipatikana upesi, tatizo amevaa jezi ya Yanga. "Avue," kijana akamwambia mwongozaji wake. Jezi ikavuliwa, ikaletwa ngozi. Halafu ikaja zamu ya zeze: uzi wake ni waya uliochomolewa kwenye breki ya baiskeli. Kijana akanuna. Alitaka zeze la zamani.

"Zamani ya lini?" akauliza mpiga zeze.

Mwongozaji hakutafsiri, na Mzee nusura ameze kijiti cha meno.

Mbona swali lilikuwa la haki? Mjerumani Erich Obst aliishi na Wahadzabe mwaka 1911. Miaka ya 1960 serikali iliwakusanya hapahapa Yaeda Chini ili walime. Zeze lenyewe hupigwa pia na Wagogo. Hiyo zamani isiyoguswa na mgeni wala jirani imo kichwani mwa mnunuzi tu, na mwenye kurekodi anampelekea mnunuzi anachotaka. Hakuna sababu nyingine.

Marekani waliyaona haya mapema. Robert Johnson, anayeabudiwa kama roho ya bluzi ya Delta kwa nyimbo 29 alizorekodi mwaka 1936 na 1937, alipiga picha studio akiwa ndani ya suti ya mistari. Mwimbaji Lead Belly, aliyewahi kufungwa, naye alipenda suti. Waliomtembeza majukwaani walitaka watu wamwone na nguo za mfungwa. Jezi ya Yanga ina ndugu zake.

Kijana hakuishia hapo. Aliomba epeme, saa sita mchana, eti mwanga unatosha. Epeme huchezwa usiku usio na mwezi, gizani, wanaume wakitoka mmoja mmoja na njuga mguuni huku wanawake wakiimba. Kuiomba mchana ni kumwomba shehe aswalishe Ijumaa siku ya Jumatano. Wenyeji wakashauriana kidogo, wakamchezea kitu kingine kabisa. Alifurahi mno. Mzee alifurahi kumzidi.

Asichosamehe Mzee ni kimoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba "Chemirocha". Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi, ambaye sauti yake iliwafikia kwa santuri. Tracey hakuwaambia wamtoe Mmarekani ndipo wimbo uwe wa asili. Na pamoja na lawama zote anazobebeshwa leo, kwenye kumbukumbu zake aliandika jina la mwimbaji: Chemutoi Ketienya.

Kijana wetu, mwenye simu inayojua hata mvua ya kesho, aliandika "Mhadzabe, zeze". Jina hakuuliza. Akalipa, akaagana na mwongozaji, akapanda gari.

Vumbi halijatua, jezi ilikwisharudi mwilini, na mpiga zeze akaanza kupiga wimbo ambao siku nzima hakuwa ameupiga.