Madarasa Mawili, Mlango Mmoja

Mwishoni mwa mwaka 2027 shule za msingi za umma nchini Tanzania zinatarajiwa kutoa wahitimu wa madarasa mawili kwa pamoja: wa mwisho wa Darasa la Saba, na wa kwanza wa Darasa la Sita, walioanza mtaala mpya mwaka 2024 wakiwa Darasa la Tatu. Januari 2028 wote watafika katika mlango mmoja wa Kidato cha Kwanza.

Hayo ni matokeo ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inayofanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Tunaipokea kwa shukrani. Kwa miongo mingi shule ilipangwa mithili ya ungo: wachache walipita, wengi wakarudi nyumbani wakiitwa walioshindwa. Hata hivyo, kubadili hesabu ya miaka si kubadili shule.

Mtoto atakayeingia sekondari atakuwa na miaka 12 hivi. Tunamfahamu, ndiye tunayemwona katika mafundisho ya Kipaimara. Shule nyingi za kata ni za kutwa. Ataondoka alfajiri, atatembea mwendo mrefu, na pengine atashinda njaa. Wengine hupangiwa chumba karibu na shule, wakaishi bila mtu mzima. Kwa kijana wa miaka 16 jambo hilo ni la hatari. Kwa binti wa miaka 12 halivumiliki.

Tena, sera imefungua mkondo wa amali. Tukiufanya kuwa jalala la waliokosa alama, tutakuwa tumeurudisha ungo kwa mlango wa nyuma. Sisi tunaomwabudu Mwana aliyelelewa katika karakana ya seremala hatuna sababu ya kuidharau kazi ya mikono.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na jamii nzima huwasaidia. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, baadhi yetu tumeielewa kama elimu bila wajibu. Serikali ina deni la madarasa, walimu na mabweni, nasi tulidai kwa heshima na bila woga. Lakini uji wa mchana na usalama wa njiani havitaletwa na waraka peke yake.

Kwa hiyo kila Jumuiya Ndogo Ndogo ihesabu watoto wake watakaohitimu mwaka 2027. Wazazi wahudhurie vikao vya shule na kukubaliana juu ya chakula. Familia zinazoishi jirani na sekondari zijiulize mbele ya Mungu kama zinaweza kumpokea mtoto mmoja.

Mlango ni mmoja. Asibaki nje hata mdogo mmoja kwa sababu sisi tulilala.