KETO NA CHUNGU CHETU CHA NDIZI NA MAHARAGE



Jioni moja mama mmoja wa hapa kwetu Maruku aliletwa zahanati kwa pikipiki. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka. Jirani zake walidhani ni malaria. Nilipompima sukari ya damu, ilikuwa chini mno. Kwa kuwa aliweza kumeza, tulimpa maji yenye sukari. Baada ya muda akatulia, akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa najitibu."

Mama huyu ana kisukari. Kila asubuhi humeza kidonge cha kushusha sukari. Mtoto wake aliyeko Dar es Salaam alimpigia simu, akamwambia aache ndizi, maharage, viazi na ugali. Ale nyama, mayai na parachichi, apungue mwili. Siku tatu hakugusa ndizi. Nyama ya kila siku hakuwa nayo, akawa anashinda na yai moja. Lakini kidonge aliendelea kumeza.

Ulaji huo huitwa keto. Umetoka mbali. Mwaka 1863, huko London, mtengeneza majeneza aitwaye William Banting aliandika kijitabu. Alikuwa mnene hata akashindwa kuinama afunge viatu. Daktari wake alimkataza mkate, sukari, bia na viazi, naye akapungua. Jina la keto lilikuja mwaka 1921 huko Marekani. Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic hakuwa anatafuta dawa ya unene. Alitafuta chakula cha wagonjwa wa kifafa. Waganga walikuwa wameona kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, kifafa hupungua. Lakini nani anaweza kufunga siku zote? Wilder akafikiri chakula chenye mafuta mengi sana na wanga kidogo sana. Mpaka leo kuna hospitali zinazowapa chakula hicho watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Kila gramu hupimwa, na daktari yuko karibu. Mwaka 1972 daktari mwingine wa Marekani, Robert Atkins, aliandika kitabu cha ulaji wa namna hiyo kwa watu wanaotaka kupungua. Hapo ndipo ulipoenea.

Je, keto hupunguza mwili? Ndiyo, sitakudanganya. Mwili ukikosa wanga na sukari huchoma mafuta yake. Ini huyageuza kuwa vitu viitwavyo ketoni. Lakini kilo zinazopungua siku za mwanzo ni maji zaidi kuliko mafuta.

Sasa tutazame chungu chetu. Ndizi ni chakula cha kutia nguvu, na ina madini ya potasiamu. Protini yake ni ndogo. Kilo moja ya ndizi mbichi zilizomenywa haifikishi gramu 20 za protini. Kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200. Ndiyo faida ya kuvipika pamoja. Keto huondoa ndizi, na huondoa maharage pia. Kwa mtu asiyeweza kununua nyama kila siku, kinabaki nini chunguni?

Mimi naona tunaishtaki ndizi bure. Wanene wanaokuja kupima presha nikiwauliza wanakula nini, hutaja chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi na soda. Rubisi hawaitaji mpaka niulize mara ya pili. Anza kupunguza hivyo. Na anayelima tangu alfajiri hana haja ya keto.

Mwenye kisukari apunguze ndizi, asiziache zote. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe ndizi. Robo iwe maharage au dagaa. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo wasianze keto kwa kuambiwa na simu.

Kama unameza vidonge vya kisukari na umeshaanza, usiendelee kimya. Njoo zahanati kesho asubuhi, uje na vidonge vyako tuvione.