Brussels: Tiba ya figo inayokosa maabara

Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Figo, ISN, yenye ofisi mjini Brussels, ilishiriki mwaka 2012 kuanzisha mpango wa kusafisha damu kupitia tumboni katika nchi maskini. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilikwisha kuanza mwaka 2009. Tiba hiyo yaweza kufanyika bila umeme. Hatari yake ni bakteria kupenya kwenye mrija.

Wale wa kawaida huuawa kwa antibiotiki zinazotiwa tumboni. Walio adimu, kama jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, wanaweza kuchukua wiki kadhaa kuota maabara, na mara nyingi mrija hulazimika kuondolewa. Pasipo maabara, daktari hubahatisha. Wafadhili wanaopeleka mirija wapeleke pia chupa za kuoteshea vijidudu.