Mungu si mhasibu wa kamati yenu

Jumapili iliyopita nilialikwa kwenye harambee ya kituo cha kulelea watoto yatima. Mahubiri yalikuwa mazuri na kwaya iliimba mpaka watu wakasimama. Kisha Baba Mchungaji akashika bahasha, akaiinua juu, akasema kwamba pale kwao kila senti inakwenda kwa mtoto. Hatuna mhasibu, alisema, hatuna ofisi, hatuna makaratasi. Mungu ndiye mhasibu wetu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Mimi nilikaa na mikono yangu magotini, nimekasirika kiasi kwamba shemeji yangu aliniuliza kama naumwa.

Nimetunza hesabu za asasi zinazopokea ruzuku za wafadhili wa nje kwa miaka kumi na minne, na kauli hiyo nimeisikia kila mahali: kanisani, msikitini, kwenye vikao vya bodi, kwa wageni wanaoshuka na ndege kutoka Ulaya. Kwamba shilingi anayolipwa mhasibu imenyofolewa kinywani mwa yatima. Kwamba asasi njema ni ile inayotumia kidogo kabisa kwa uendeshaji, na ikiweza isitumie kitu. Watu wanaiamini kama wanavyoamini kwamba jua linachomoza mashariki. Ni uongo, na uongo huu umewanyima maskini mengi kuliko mwizi yeyote ninayemfahamu.

Fedha isiyohesabiwa haimfikii mtoto. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

Chukueni risiti ya EFD, hii tuliyoizoea tangu mashine zile zilipoingia nchini mwaka 2010. Haikuchapwa kwa wino, imechapwa kwa joto kwenye karatasi laini inayoteleza. Ukinunua dizeli leo, maandishi yanasomeka vizuri: jina la kituo, lita, kiasi, tarehe. Iweke kwenye faili mwaka mmoja katika chumba chenye joto, uje uifungue. Utakuta karatasi nyeupe. Ndiyo maana mhasibu anayejua kazi hutoa kopi siku ileile, anaibana kopi pamoja na risiti halisi nyuma ya hati ya malipo, anaandika namba ya hati kwa kalamu ya wino kwenye vyote viwili, kisha anaingiza kwenye daftari la fedha. Kopi moja ni shilingi mia. Kazi yote haizidi dakika tano. Lakini lazima awepo mtu wa kuifanya, na lazima mashine iwe na tona.

Asasi moja niliyoitumikia Kanda ya Ziwa ilichimba visima. Mfadhili alipotaka kupunguza bajeti, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa mshahara wangu, nikabakishiwa siku moja kwa wiki. Cha pili kilikuwa mashine ya fotokopi. Mkurugenzi alifurahi kwa sababu sasa angeweza kuandika kwenye bango kwamba asilimia 95 ya fedha inakwenda kwa walengwa. Siku nne ambazo sikuwepo, risiti zilikuwa zinatupwa kwenye boksi la karatasi za A4 chini ya meza ya afisa miradi, kijana mwadilifu aliyeshinda porini na mafundi kutoka alfajiri.

Mkaguzi alikuja mwaka wa pili. Nilikaa naye meza moja. Alikuwa anachukua risiti moja moja, anaiinua kuelekea dirishani, anaigeuza, anaiweka kushoto. Kushoto ndiko zilikokwenda zile zisizosomeka. Kufika jioni, rundo la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia. Dizeli ile ilinunuliwa kweli. Niliona pampu ikiinywa, niliona maji yakitoka na wanawake wakiimba. Lakini mkaguzi hakuletwa kusikiliza nyimbo. Aliandika kwamba ni gharama zisizokubalika, shilingi milioni 31, zirudishwe kwa mfadhili. Huwezi kulipa deni la ruzuku moja kwa fedha ya ruzuku nyingine, huo ni mkataba mwingine na kosa jingine. Asasi ikauza kiwanja ilichokuwa nacho. Vijiji vitatu vilivyokuwa kwenye orodha havikuchimbiwa kisima. Hakuna mtu aliyeiba hata thumuni. Tuliokoa bei ya tona tukapoteza visima vitatu, na bango la asilimia 95 lilikuwa bado ukutani siku tunafunga ofisi.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Waswahili peke yetu. Mwaka 2009 jarida la Stanford Social Innovation Review lilichapisha makala iliyouita mzunguko wa njaa: wafadhili wanatarajia gharama za uendeshaji ziwe ndogo kupita kiasi, asasi zinajibana na kuficha gharama zake halisi, na takwimu hizo za uongo zinawaaminisha wafadhili kwamba inawezekana kubana zaidi. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa watoaji sadaka taarifa za asasi, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia barua ya wazi watu wote wanaochangia, kuwaambia kwamba asilimia ya gharama za uendeshaji ni kipimo kibovu cha ubora wa asasi. Charity Navigator wenyewe walikuwa wamekitumia kipimo hicho miaka mingi. Walikiri hadharani. Barua hiyo haijafika kwenye harambee zetu.

Tazameni namna mizani inavyopangwa. Mashirika makubwa ya Marekani huketi mezani na serikali yao na kukubaliana kiwango chao wenyewe cha gharama zisizo za moja kwa moja, na wapo wanaopata zaidi ya asilimia 20. Asasi isiyo na makubaliano hayo, na hapo ndipo asasi zetu zilipo, ilipewa asilimia 10 ya mkupuo, ikapandishwa hadi 15 Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya huweka ukomo wa asilimia 7 kwa misaada yake ya nje. Hebu mwenye hesabu anipigie: saba kwa mia ilipe kodi ya ofisi, umeme, ukaguzi, ulinzi, intaneti, mhasibu na bodi. Halafu mgeni huyohuyo anakuja na orodha ya kurasa arobaini akituuliza kwa nini hatuna mifumo imara. Mifumo imara inanunuliwa. Kama hutaki kuinunua, usiiulizie.

Najua wanachojibu. Watasema: mbona hao watu wa mashirika wanaendesha mashangingi na kulala kwenye viyoyozi? Hilo ndilo jibu lao kila siku, hawana jingine. Sasa nioneshe mhasibu wa asasi mwenye shangingi. Mhasibu ninayemjua mimi anapanda daladala, anashuka kituoni na faili kwapani, na wiki ya kufunga mwaka anakula chapati mezani pake kwa sababu hana muda wa kutoka. Shangingi liko kwenye bajeti ya mradi, sehemu ya gharama za moja kwa moja, na mkitaka kujua lilikwenda wapi Jumamosi usiku mtamhitaji yeye na kitabu chake cha safari za gari. Ukimwondoa, shangingi linabaki, na anayelihesabia kilomita hayupo tena. Hasira yenu juu ya kiyoyozi inamfukuza mtu pekee ambaye kazi yake ni kuuliza nani kakiwasha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ulaji, acheni niseme la warsha, maana linanikera. Yupo mtu anayeona mshahara wa mhasibu ni dhambi, lakini hakosi warsha ya siku tatu hotelini, anasaini posho ya siku tatu na anaondoka siku ya kwanza baada ya chai. Mhasibu akikataa kumlipa siku mbili ambazo hakuwepo, anaitwa mkorofi. Akiwa mwanamke anaitwa na majina mengine ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Nimeitwa yote.

Huko nje pia wanaiba kwa njia hiyohiyo. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, ulipeleka wakaguzi wake kufungua vitabu vya ruzuku katika nchi kadhaa. Nchini Mali walikuta mafunzo ambayo hayakufanyika na saini za kughushi kwenye madai ya safari na malazi. Habari ilipolipuka magazetini Januari 2011, hasara iliyotajwa ilikuwa dola milioni 34, wakati Mfuko ulikuwa umekwisha kutoa karibu dola bilioni 13. Ujerumani ikasimamisha mchango wake kwa muda. Nani aliyeugundua wizi ule? Si polisi, si maombi. Ni wakaguzi, watu wa makaratasi, waliolipwa kutoka fungu lilelile mnaloliita la ovyo, nao Mfuko ukazichapisha ripoti zao wenyewe ili kila mtu asome. Aliyejikagua akaadhibiwa, na wale ambao hawajawahi kufungua daftari lao wakaendelea kusifiwa kwa kutokuwa na kashfa. Asiyehesabu hana kashfa kwa sababu hakuna mahali pa kuionea.

Mwaka 2025 ulipokuja na Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kuanzia Januari, wengi walijifunza kwa machozi jinsi ruzuku hizi zinavyolipwa. Mara nyingi asasi hutumia kwanza, kisha inadai. Kesi ikaenda mahakamani Washington, jaji akaamuru kazi zilizofanyika kabla ya tarehe 13 Februari zilipwe, na mwezi Machi Mahakama ya Juu ikakataa kuisimamisha amri hiyo. Deni lote lilikaribia dola bilioni 2. Asiye na hati ya malipo, mkataba, orodha ya mahudhurio na taarifa ya benki iliyolinganishwa na daftari, alikuwa anadai kwa mdomo. Na dawa alizokwisha kuzinunua kwa mkopo zilikuwa zinadaiwa kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo wahubiri wa asilimia mia hawalifikirii kabisa. Daftari linamlinda mwaminifu. Kijijini kwetu alikuwepo mzee mweka hazina wa ujenzi wa zahanati. Alipokea michango mkononi, akanunua saruji, akawalipa mafundi, yote kichwani. Watu walimwamini kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka huohuo akaezeka nyumba yake kwa bati, fedha ya pamba. Maneno yakaanza kisimani, yakahamia kilabuni, yakaingia mpaka kwenye kikao cha wazee. Aliitwa, akaulizwa mifuko ya saruji ilikuwa mingapi. Alijaribu kuhesabu kwa vidole mbele ya watu. Alitaja namba moja, akajisahihisha, akataja nyingine, na hapo watu wakaguna. Mimi ninaamini hakula kitu. Siwezi kulithibitisha, wala yeye hakuweza, na alizikwa na jina la mwizi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mzee yule aliishiwa na jina lake pia.

Kwa hiyo mtu akiniambia hapa tunaaminiana hatuhitaji stakabadhi, mimi namwona yule mzee na vidole vyake.

Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake na ya hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi hafanyi kazi bure, wala hapaswi. Anayejisifu kwamba hatumii hata senti kwa makaratasi anajisifu kwamba amepanga kuivunja sheria, au kwamba anamlipa mkaguzi kwa fungu ambalo hatuambii. Wachangiaji tunastahili kuambiwa ukweli: katika kila shilingi elfu kumi unayotoa, kiasi hiki ni cha unga, kiasi hiki ni cha ada, na kiasi hiki ni cha mtu atakayehakikisha kwamba unga ulifika na ada ililipwa.

Baada ya harambee nilikwenda meza ya kamati na bahasha yangu, nikaomba stakabadhi. Katibu alichana karatasi ya daftari la shule, akaandika jina langu na kiasi, bila namba, bila tarehe, bila nakala. Nikamuuliza kituo kina watoto wangapi. Alisema arobaini na wawili. Mama wa jikoni aliyekuwa anapita na sufuria akasema ni thelathini na sita. Jumatatu nilinunua kitabu cha stakabadhi chenye namba na karatasi za kaboni kwenye duka la steshenari karibu na stendi, nikampelekea. Alinishukuru sana, akakiweka kabatini bado kiko kwenye nailoni yake.

"Mama, tutaanza kukitumia mwaka mpya wa fedha," alisema.

Nilimuuliza mwaka wao wa fedha unaanza mwezi gani. Akasema atamuuliza Baba Mchungaji.