Gari Kuukuu Likishindwa Kipimo cha Moshi: Umri Si Jibu la Kwanza

Barabara ya lami inayotoka Dumila kupitia Rudewa hadi Kilosa imerahisisha usafiri katika bonde linalotegemea mpunga, mahindi na mkonge. Hata hivyo, magari mengi yanayobeba abiria na mazao katika maeneo kama haya yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingineko kwa miaka mingi. Gari la aina hiyo linapozuiwa kwa sababu ya moshi, mwenye gari hupoteza kipato na mkulima hukosa usafiri wa mazao yake. Linapoachwa liendelee, gharama humwangukia mkazi wa kando ya barabara. Ndiyo maana sababu ya gari kushindwa kipimo ni jambo la maslahi ya umma, wala si suala la fundi peke yake.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zinalinda hewa dhidi ya uchafuzi, ukiwamo unaotokana na magari. Sababu za kiafya nazo ni nzito: mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Nchi za Afrika Mashariki zimelikabili suala la magari chakavu kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada kutokana na uchakavu. Hatua zote hizo hutumia umri kama kigezo, na umri huonesha tu uwezekano wa kasoro. Gari la miaka 20 lililotunzwa laweza kufaulu, na la miaka 9 lililotelekezwa likashindwa. Kinachoonesha kasoro ni kipimo chenyewe, endapo majibu yake yatasomwa vizuri.

Kwa gari la petroli, kila gesi ina maana yake. Kaboni monoksidi ikizidi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Chanzo huwa chujio la hewa lililoziba, nozeli zinazovuja au sensa ya oksijeni iliyochoka. Hidrokaboni zikizidi, kuna mafuta yanayotoka bila kuungua, na hapo plagi, nyaya zake na mgandamizo wa silinda ndivyo vya kukaguliwa kwanza. Oksidi za naitrojeni zikizidi, injini inachoma kwa joto kali kupita kiasi, hivyo mfumo wa kupoza na valvu ya kurudisha moshi kwenye injini vichunguzwe.

Hata macho hutoa fununu. Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua, mara nyingi kwa sababu ya kuchakaa kwa ringi za pistoni au sili za valvu. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha. Kwa magari ya dizeli yanayoingia mashambani kupitia barabara za vumbi, chujio la hewa huziba mapema kuliko ratiba ya kawaida ya matengenezo. Kabla ya kufungua pampu au nozeli kwa gharama kubwa, chujio hilo likaguliwe.

Kosa la gharama kubwa zaidi huhusu masega, kifaa kilicho kwenye bomba la moshi ambacho hugeuza gesi hatari kuwa zisizo na madhara makubwa. Kwa kuwa kina madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kuna wanaokitoa na kukiuza, kisha gari likarudishwa barabarani na bomba tupu. Gari lililotengenezwa kufanya kazi na masega haliwezi kutegemewa kufaulu bila kifaa hicho. Vilevile, masega mapya hayatadumu ikiwa injini bado inachoma oili au plagi hazichomi ipasavyo, kwani masega mara nyingi huharibiwa na kasoro iliyo ndani ya injini. Kasoro hiyo ndiyo itangulie kutibiwa.

Masega pia hufanya kazi yakiwa yamepata joto la takribani nyuzi 300 za Selsiasi. Gari lililowashwa dakika chache kabla ya kipimo laweza kushindwa bila kuwa na kasoro yoyote. Mwendo wa kutoka Rudewa hadi Kilosa mjini, takribani kilomita 24, unatosha kuipasha injini. Lililobaki ni kutoizima kwa muda mrefu kabla ya kupimwa.

Mafuta nayo yasisahaulike. Tangu Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka kiwango cha awali cha 500. Manufaa hayo hupotea pale mafuta yanapochakachuliwa. EWURA iliweka utaratibu wa vinasaba ili kubaini uchakachuaji; mwananchi ananufaika nao akinunua mafuta katika kituo chenye leseni na kudai risiti.

Ukaguzi utawasaidia wananchi zaidi iwapo mwenye gari atapewa majibu kwa tarakimu, badala ya kuambiwa tu kwamba gari limeshindwa. Akiwa na tarakimu hizo, fundi ataanza na chujio na plagi, ataendelea na sensa, na ataifungua injini pale tu vipimo vitakapomlazimu. Mwenye gari naye ataokoa fedha, na gari litarudi barabarani bila kuwapelekea wengine moshi wake.